Shahidi Atoke Nje: Mhadhara Kuhusu Kujaribu Ufungashaji wa Data

Mada ya leo ina umbo dogo. Inahusu mistari michache ya msimbo inayogeuza kitu kilicho ndani ya programu kuwa maandishi ya kutumwa kwa kompyuta nyingine, na namna ya kuijaribu mistari hiyo kabla haijamfikia mwenye duka. Nimeichagua kwa sababu katika ukanda huu wa barabara ya Thika, kodi ya chumba cha mwanafunzi, bei ya vipuri na hesabu ya dukani hulipwa kwa simu, na malipo hayo hupita katika mistari ya aina hiyo. Huduma ya malipo hayo, M-Pesa, ilianza Machi 2007. Mwaka 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya. Mwaka 2017 Safaricom, kampuni inayoiendesha, ikafungua Daraja, yaani API inayomwezesha msanidi aliyejisajili kuunganisha mfumo wa biashara na M-Pesa. Tangu hapo, kosa la kijana mmoja aliyeketi na laptopu yake Ruiru linaweza kugusa mkoba wa mama mboga ambaye hamjui wala hatamjua. Dai langu ni moja: jaribio la kazi hii halithibitishi lolote ikiwa shahidi wake wa pekee ni msimbo uleule unaojaribiwa. Shahidi lazima atoke nje.

Tuanze kwa kuelewana kuhusu maneno. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, malipo ni kitu: kina kiasi, kina nambari ya simu, kina muda. Kitu hicho hakiwezi kusafiri kikiwa katika hali hiyo, kwa kuwa kompyuta ya upande wa pili ina lugha yake na mpangilio wake wa kumbukumbu. Kinapaswa kugeuzwa maandishi, yasafiri, kisha yageuzwe kitu tena huko yaendako. Wasanidi husema kusirialaizi. Mimi nitasema kufungasha, na kinyume chake kufungua. Mtu anayetuma mzigo kwa matatu hufunga kifurushi na kuandika jina juu yake, na anayepokea huamini kile kilichoandikwa. Maandishi yanayotumika sana leo ni JSON, ambayo kanuni zake zimewekwa katika hati ya RFC 8259 ya Desemba 2017. Humo kila uga una jina na thamani, na thamani inaweza kuwa nambari, maandishi ndani ya alama za kunukuu, kweli au si kweli, tupu, orodha, au kitu kingine kilichomo ndani yake. Maktaba nitakayoizungumzia ni ule msimbo unaofanya kazi hii kwa niaba ya wasanidi wengine, ili mwenye kujenga mfumo wa duka asilazimike kujua vifurushi vinafungwaje.

Tukitazame kifurushi kimoja kwa karibu. Mteja amenunua bidhaa ya shilingi 1,500 Thika, na mfumo wa duka unataka ombi la malipo lijitokeze kwenye simu yake aweke PIN. Maktaba hufungasha nyuga kadhaa: BusinessShortCode, Password, Timestamp, TransactionType, Amount, PartyA, PartyB, PhoneNumber, CallBackURL, AccountReference na TransactionDesc. Tazameni herufi. Jina la anwani ya kupokea jibu limeandikwa CallBackURL, lenye B kubwa katikati. Anayeandika kwa b ndogo ameandika jina jingine. Nambari ya simu haianzi na sifuri tuliyoizoea, inaanza na 254. Muda huandikwa kama tarakimu 14 zilizoshikana: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Nao uga wa Password hupatikana kwa kuunganisha nambari ya biashara, ufunguo wa siri na muda uleule, kisha kuvigeuza kwa mfumo wa Base64. Maktaba ikisoma saa mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya Password na mara ya pili kwa ajili ya Timestamp, kisha sekunde ikabadilika katikati, nyuga hizo mbili haziwezi kuoana tena. Kosa la namna hiyo hujitokeza mara chache, hupotea mtu anapolitafuta, na hurudi siku ya mauzo mengi.

Sasa tuulize jaribio la kulinda kifurushi hiki liwe la namna gani. Desturi ya kujaribu programu kipande kimoja kimoja, kila kipande kikiwa peke yake, ilipata nguvu pale Kent Beck na Erich Gamma walipoandika JUnit mwaka 1997, na leo karibu kila lugha ya programu ina chombo cha jamii hiyo. Msanidi anapofika kwenye ufungashaji, jaribio la kwanza linalomjia ni la kwenda na kurudi. Anaunda kitu cha malipo, anakifungasha, anakifungua, kisha anauliza kama kilichorudi ni sawa na kilichokwenda. Jaribio hilo linavutia. Lina mistari mitatu, linafaa kwa kitu chochote, na linapofaulu rangi ya kijani humpa mtu utulivu. Lakini hebu tuulize limethibitisha nini. Limethibitisha kwamba mkono wa kushoto unajua kusoma mwandiko wa mkono wa kulia wa mtu yuleyule. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Msimbo uliofungasha ndio unaofungua, na kosa lililo katika fikra za mwandishi linakaa pande zote mbili, likijisahihisha lenyewe kila safari.

Wasemaji wa Kiswahili tunao mfano wa jambo hili katika saa zetu wenyewe. Makarani wawili wamezoea kuhesabu saa kuanzia mapambazuko. Wa kwanza anataka kuandika saa moja na dakika arobaini na tano asubuhi, anaandika 01:45. Wa pili anaisoma 01:45, anaelewa saa moja na dakika arobaini na tano asubuhi. Wapimeni makarani hao mara elfu kwa kwenda na kurudi, hamtapata kosa hata moja. Kisha mpeni karatasi hiyo mtu wa tatu anayefuata saa ya kimataifa: atasoma saa saba na dakika arobaini na tano usiku, na gari litakuwa limeondoka saa sita kabla ya abiria. Makarani wale walielewana kikamilifu. Hawakuelewana na ulimwengu. Mtu wa tatu ndiye API. Yeye hakuhudhuria mazungumzo yetu, hajui tulichokusudia, na kitu pekee anachokiona ni alama zilizoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo alama hizo ndizo zinazopaswa kujaribiwa.

Kosa la fedha linaweza kupita kwa mlango huohuo. Baadhi ya mifumo ya malipo ya kimataifa, Stripe ikiwa mmojawapo, hupokea kiasi kikiwa katika sehemu ndogo kabisa ya sarafu, yaani senti. Daraja hupokea shilingi. Msanidi aliyeandika darasa moja la fedha kwa mifumo yote miwili anaweza kuzidisha kwa 100 wakati wa kufungasha na kugawanya kwa 100 wakati wa kufungua. Jaribio la kwenda na kurudi litapita bila tatizo: 1,500 iliondoka, 1,500 ikarudi. Lakini katikati, pale Amount ilipoandikwa, palisomeka 150000. Kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa kwa sasa ni shilingi 250,000, hivyo kikomo hakitalizuia kosa hilo. Mteja makini ataona kiasi kwenye simu na kukataa. Aliyechoka au aliyezoea kubonyeza anaweza kulipa. Kosa la ukoo huu limewahi kuharibu chombo cha angani. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA ilipoteza Mars Climate Orbiter kwa sababu faili la programu moja liliandika msukumo kwa vipimo vya ratili, nayo programu iliyosoma ikaamini ni vipimo vya nyutoni. Nambari zilisomeka vizuri kabisa. Maana ndiyo iliyopotea njiani.

Kama mnataka kuona jaribio lililojengwa kwa msingi ulio sahihi, hakuna haja ya kwenda mbali. Nendeni Ruiru, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaooza matunda mabichi ya kahawa, uliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Mwaka 1971 mpango wa kuzalisha kahawa yenye kuuhimili ulianza Ruiru, na mwaka 1985 ukatoa aina ya Ruiru 11, inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Tatizo la mzalishaji mbegu lilikuwa muda. Mkahawa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa, na ugonjwa hushika matunda. Je, asubiri miaka yote hiyo ndipo ajue kama mche ulikuwa na kinga? Watafiti wakatumia mbinu iliyochapishwa mwaka 1976: mche wa wiki chache hunyunyiziwa maji yenye mbegu za kuvu ya chulebuni kwenye shina lake changa, chini ya majani ya kwanza, ukawekwa penye unyevu, kisha vidonda vikahesabiwa. Mche unaoonyesha kinga hapo una matumaini ya kuonyesha kinga shambani. Mbinu hiyo ni ya mapema, ni ya gharama ndogo, na hupima sehemu ndogo ya mmea badala ya shamba zima. Hizo ndizo sifa za jaribio la kipande. Lakini sifa iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba kuvu ni ileile ya shambani. Mtafiti hakutengeneza ugonjwa wake mwenyewe unaofanana na matarajio yake. Angefanya hivyo, kila mche ungefaulu kitaluni na kila mkulima angelia shambani.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoomba tuipeleke kwenye msimbo. Kwa kila kifurushi ambacho maktaba hutuma au hupokea, wekeni faili lenye maandishi halisi, herufi kwa herufi, yaliyotoka kwa mwenye API: ama katika nyaraka zake, ama katika majibu yaliyonaswa kwenye uwanja wake wa majaribio. Kisha yatenganisheni majaribio mawili. La kwanza huunda kitu, hukifungasha, na hulinganisha matokeo na faili. La pili husoma faili, hulifungua, na huuliza uga mmoja mmoja: kiasi ni hiki? simu ni hii? muda ni huu? Kamwe faili lisizalishwe na msimbo unaojaribiwa, kwa maana hapo tutakuwa tumemrudisha yule karani wa kwanza na kumvalisha kofia ya shahidi. Saa nayo ishikwe: maktaba ipewe muda kutoka nje badala ya kuusoma yenyewe, ili jaribio liseme kwa uhakika kwamba saa 07:45 asubuhi ya tarehe 15 Machi 2024 kwa saa za Afrika Mashariki lazima iandikwe 20240315074500. Seva iliyowekwa kwenye saa ya UTC ingeandika 20240315044500, saa tatu nyuma, na jaribio lingeikamata siku hiyohiyo.

Kinachofanya shahidi wa nje awe na thamani ni kwamba husema mambo ambayo sisi hatukuyafikiria. Mfano wa kwanza ni jibu la Daraja mtu anapoomba kibali cha kuingia. Kibali hudumu karibu saa moja, na muda huo huja katika uga uitwao expires_in. Msanidi anayeandika kwa kukisia ataweka nambari 3599. Jibu lenyewe huja na "3599" ndani ya alama za kunukuu, ni maandishi. Katika lugha ya JavaScript, kujumlisha nambari na maandishi huyabandika pamoja. Sekunde 1710477900, ambazo ni saa ileile ya 15 Machi niliyoitaja, zikijumlishwa na "3599" huwa 17104779003599. Programu itaamini kwamba kibali chake kina zaidi ya miaka laki tano ya uhai, haitaomba kingine, na baada ya saa moja kila ombi litakataliwa. Jaribio lililoandikwa na mtu yuleyule aliyekisia nambari lingepita. Jaribio lililosoma jibu halisi lingeanguka mara ya kwanza.

Mfano wa pili ni taarifa inayorudi baada ya mteja kuweka PIN. Malipo yakifaulu, taarifa huwa na orodha ndani ya CallbackMetadata: kiasi, nambari ya risiti, tarehe ya muamala na nambari ya simu. Hapa nambari ya simu huja kama nambari ya tarakimu 12 isiyo na alama za kunukuu, na tarehe kama nambari ya tarakimu 14. Aliyezihifadhi kwenye nambari kamili ya biti 32 atakwama, kwa kuwa aina hiyo haivuki 2,147,483,647. Mteja akighairi, ResultCode huwa 1032 na CallbackMetadata haipo kabisa. Maktaba inayonyoosha mkono kuichukua bila kuuliza kama ipo itavunjika pale hasa mfumo wa duka unapohitaji kuambiwa kwa utulivu kwamba pesa haijaingia. Na katika taarifa za malipo ya paybill, kiasi kilekile ambacho huku kilikuwa nambari huja kikiwa maandishi, kama vile "10". Hakuna akili ya kawaida itakayomfundisha mtu mambo haya. Maandishi ya upande wa pili ndiyo yatakayomfundisha, na jaribio ndilo litakalomkumbusha atakapokuwa amesahau.

Mfano wa tatu ni tokeni ya stima. Mwenye mita ya kulipia kabla hupokea tarakimu 20, na kila mtu aliyewahi kuzibonyeza gizani anajua kwamba moja ikikosewa mita hukataa. Tarakimu 20 hufanana na nambari, lakini kazi yake ni jina: hakuna anayezijumlisha wala kuzigawanya. Programu nyingi huhifadhi nambari za JSON katika muundo wa nukta inayoelea wa biti 64, ambao uhakika wake wa nambari kamili huishia karibu 9,007,199,254,740,992, tarakimu 16 tu. Andikeni 12345678901234567890 kama nambari katika JavaScript, mtasomewa 12345678901234567000. Tarakimu tatu za mwisho zimekufa, na familia imebaki gizani ikiwa imelipa. Tokeni inayoanza na sifuri nayo ingepoteza sifuri hiyo ikigeuzwa nambari. Mwaka 2010 Twitter ilikutana na shida hiyohiyo kwa vitambulisho vya jumbe zake, ikalazimika kutuma kila kitambulisho mara mbili, mara moja kama nambari na mara moja kama maandishi. Ndani ya tokeni yenyewe kuna ufungashaji mwingine wenye somo. Muda wa tokeni huhesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993 katika biti 24, ambazo hubeba dakika 16,777,216 peke yake. Hesabu hiyo iliishia 24 Novemba 2024, na kabla ya siku hiyo wateja wa Kenya Power walilazimika kuingiza nambari za ziada ili mita zao zianze hesabu upya. Uamuzi kuhusu upana wa uga mmoja, uliofanywa miongo mitatu iliyopita, ulifika kwenye ukuta wa kila nyumba yenye mita hiyo.

Yapo mapingamizi, na yanastahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza husema: ufungashaji hufanywa na maktaba mashuhuri kama Jackson au Gson, ambazo zimejaribiwa na watu wengi, kwa nini tujaribu kazi ya wengine? Hoja hii ingekuwa na uzito kama maktaba hizo zingejua tunachotaka. Jackson kwa kawaida hutoa jina businessShortCode, kwa b ndogo, kutoka kwenye njia iitwayo getBusinessShortCode. Daraja inataka B kubwa. Gson kwa kawaida huacha uga ulio tupu. Jackson huuandika kwamba ni tupu. Zote mbili ni sahihi, na zinatofautiana. Kinachojaribiwa hapa ni maagizo yetu kwao, na maagizo hayo hayajajaribiwa na mtu mwingine yeyote duniani.

Pingamizi la pili ni kwamba majaribio ya maandishi ni dhaifu: nafasi moja ikiongezwa au nyuga zikibadilishana mahali, jaribio linaanguka bila sababu. Ni kweli, ikiwa tunalinganisha herufi kwa upofu. Lakini RFC 8259 inasema kitu cha JSON ni mkusanyiko usio na mpangilio. Kwa hiyo tuyasome maandishi yote mawili kama miti ya JSON kwa chombo kisicho sehemu ya maktaba yetu, kisha tulinganishe majina, aina na thamani. Mpangilio na nafasi havitatusumbua tena. Pale tu ambapo ujumbe unatiwa sahihi ya siri juu ya herufi zake ndipo kila herufi ina haki ya kulinganishwa. Na jaribio likianguka kwa sababu jina la uga limebadilika, hilo si udhaifu. Limefanya kazi iliyolifanya liandikwe. Tena lipo jambo la adabu ya msanidi hapa. Kichwa cha HTTP kiitwacho Referer kilikosewa tahajia tangu miaka ya 1990 na hadi leo kinaandikwa hivyo. Mifano ya nyaraka za Daraja nayo imeandika Occassion kwa s mbili. Msanidi mwenye bidii atakayesahihisha tahajia hiyo ndani ya maktaba, kwa nia njema kabisa, atakuwa amebadilisha jina la uga. Faili la shahidi litamzuia.

Pingamizi la tatu husema uwanja wa majaribio wa mwenye API unatosha. Uwanja huo unahitajika, na mimi ndiko ninakotuma watu wakachukue ushahidi. Lakini hauwezi kuitwa kila mara mstari mmoja wa msimbo unapobadilika. Hutegemea mtandao, hutegemea huduma ya mtu mwingine kuwa hewani, na si rahisi kuuamuru ulete kila aina ya kushindwa kwa wakati unaoutaka. Faili lililonaswa hukaa kwenye laptopu, hujibu kwa sehemu ya sekunde hata stima ikikatika mitaani Kiganjo au Kimbo, na hubeba pamoja na malipo yaliyofaulu yale yaliyoghairiwa. La nne linafanana na hilo: kwamba tukizalisha msimbo kutoka kwenye maelezo rasmi ya API, makosa ya mkono hayatakuwepo. Maelezo rasmi nayo ni maneno ya binadamu kuhusu seva. Hayo ni madai, na seva ndiyo mwenye neno la mwisho. Maelezo yakisema nambari na seva ikatuma "3599", msimbo uliozalishwa utakosea kwa unadhifu mkubwa.

Pingamizi la tano ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wenye haki ya kuchoka. Husema: kampuni ya watu watatu Ruiru haina muda, mteja anataka mfumo Ijumaa. Hesabu ya kazi yenyewe ni hii. Maktaba ya malipo ya kawaida ina vifurushi visivyozidi dazeni moja au mbili, na kila kimoja kinahitaji faili moja na majaribio mawili mafupi. Ni kazi ya siku chache, na hufanywa mara moja. Upande wa pili wa mizani kuna kosa linalogunduliwa na mwenye duka jioni akifunga hesabu, risiti zisizolingana na bidhaa, simu za kubembelezana, na jina la msanidi likisambaa mtaani kwa ubaya. Mche ulionyunyiziwa kitaluni hugharimu sufuria ya maji. Shamba lililong'olewa hugharimu miaka.

Nakiri pia kwamba kanuni yangu ina mpaka wake. Shahidi huzeeka. Kabla ya mwaka 2019 maktaba iliyokagua kwamba kila nambari ya simu inaanza na 2547 ilikuwa na ushahidi mzuri nyuma yake. Mwaka huo nambari za 01 zikaanza kutolewa, na 2541 ikawa mwanzo halali wa nambari ya Mkenya. Mafaili ya zamani yasingelitaja jambo hilo. Dawa yake ni kuandika kwenye kila faili tarehe lilipochukuliwa na mahali, na kuyapeleka tena mbele ya uwanja wa majaribio kwa ratiba inayojulikana, si pale tu mambo yanapoharibika. Dawa nyingine ni kuwa wakali katika tunachotuma na wavumilivu katika tunachopokea, shauri ambalo Jon Postel aliliandika tangu 1980 kwa ajili ya itifaki za intaneti: jaribio la kufungasha lidai usawa kamili, jaribio la kufungua liongezewe uga usiojulikana makusudi, lione kama maktaba inaupita kwa amani. Na kuna wajibu wa sheria. Taarifa iliyonaswa kutoka kwa malipo halisi ina simu ya mtu halisi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mtu huyo. Badilisheni tarakimu, lindeni umbo: urefu uleule, aina ileile, mwanzo uleule. Hakuna jaribio linalohitaji kujua simu ya jirani yako.

Ndugu zangu, ninyi mnaosoma Juja, Thika na Ruiru mtaandika maktaba ambazo wengine watazijengea mifumo bila kuzifungua ndani, kama mkulima anavyopanda Ruiru 11 bila kuwahi kuuona mche ukinyunyiziwa kuvu. Mkulima yule anaamini kwa sababu mtu fulani, kabla yake, alikubali kuuweka mche mbele ya ugonjwa wenyewe. Wateja wenu wanastahili uaminifu huohuo. Kesho asubuhi, fungueni maktaba mnayoifanyia kazi, tafuteni jaribio la kwenda na kurudi, na wekeni kando yake faili moja ambalo hamkuliandika ninyi. Likianguka, mmeokoa fedha za mtu. Likisimama, sasa mna haki ya kusema linafanya kazi.